Jinsi ya Kuifaidi Bendi ya Kopi, Baa na Kasino, Bila Kuumia Masikio wala Mfuko

Kuna watu wakisikia neno "kopi" wanakunja uso. Kwao, bendi inayopiga nyimbo za wengine ni mkusanyiko wa watu walioshindwa kutunga zao. Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo, mpaka usiku mmoja nilipokosa nafasi nzuri nikakaa meza ya pembeni kabisa, karibu na mpiga ngoma. Wimbo waliokuwa wanapiga, kwenye rekodi, hauna mwisho: sauti inafifia tu mpaka inapotea. Bendi iliyosimama mbele ya watu haiwezi kufifia. Ni lazima ifike mahali isimame. Nikamwona mpiga ngoma akiinua nyusi zote mbili, mpiga besi akanyanyua shingo ya gitaa lake, na wote sita wakakata kwa pigo moja. Ukumbi ukanyamaza kidogo kabla ya watu kukumbuka kupiga makofi.

Mwisho ule haumo kwenye rekodi yoyote. Ni wao waliouleta. Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda kuwasikiliza watu wa namna hii kwa makusudi, na haya ndiyo niliyoyaokota, mengine kwa raha, mengine kwa gharama yangu mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua unaenda kusikiliza bendi ya namna gani

Jina la bendi ya kopi linabeba vitu vitatu tofauti, na ukivichanganya utarudi nyumbani unalalamika bure.

Kwanza kuna bendi ya mchanganyiko, watu wanne hadi wanane wanaopiga vibao vya wasanii wengi, vya zamani na vya juzi, kufuatana na sura wanazoziona mezani. Hizi ndizo zinazojaza baa. Kisha kuna bendi ya kumuenzi msanii mmoja au kundi moja tu. Hao hufanya unakili hasa: mavazi, mlio wa gitaa, hata mpangilio wa nyimbo. The Australian Pink Floyd Show, wanaoliiga kundi la roki la Uingereza la Pink Floyd, walioanzia mjini Adelaide, Australia, mwaka 1988, waliifanya kazi hiyo vizuri kiasi kwamba David Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd yenyewe, aliwaita wapige kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka 50. Na mwisho kuna mwimbaji peke yake, au wawili, wenye kinanda ama kompyuta iliyojaa midundo ya kurekodi. Wapo wanaoimba vizuri mno, ila usitegemee kuona watu wakijibizana kwa vyombo.

Bendi ya kuenzi idai ufanano. Hicho ndicho ulicholipia kiingilio. Bendi ya mchanganyiko usiidai ufanano. Idai uhai. Mtu anayekaa mbele ya bendi ya mchanganyiko akihesabu kila mahali walipotofautiana na rekodi amejinyima usiku wake kwa mikono yake.

Wala usiwaangalie kwa jicho la huruma. The Beatles, kabla hawajajulikana, walikuwa bendi ya vilabu vya usiku mjini Hamburg, Ujerumani, kuanzia mwaka 1960, wakipiga kwa saa nyingi kila usiku, sehemu kubwa nyimbo za watu wengine. Hata albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1963, ina nyimbo 14, na 6 kati ya hizo si zao. Mwimbaji Arnel Pineda alikuwa akiimba kopi na bendi yake mjini Manila, Ufilipino, zikiwamo nyimbo za kundi la roki la Marekani la Journey. Mwaka 2007 mpiga gitaa wa Journey, Neal Schon, akaziona video zake YouTube, na Pineda akawa mwimbaji mkuu wa kundi lile lile alilokuwa akilikopi.

Hatua ya 2: Chagua awamu, usichague usiku tu

Bendi nyingi hupiga kwa awamu. Awamu moja ni dakika 45 hivi, pengine saa nzima, kisha wanapumzika dakika 15 au 20, kisha wanarudi. Usiku mmoja unaweza kuwa na awamu tatu au nne, na hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni ya kupasha moto. Ukumbi haujajaa, fundi mitambo bado anahangaika na sauti kwa sababu chumba kitupu kinalia tofauti na chumba chenye watu (miili na nguo hunyonya sauti, hasa zile kali za juu), na bendi yenyewe inapiga vitu vya taratibu, vya kumfanya mtu aagize kinywaji na kukaa. Ukitaka kusikiliza sauti ya mwimbaji bila kelele, ni awamu nzuri. Ukitaka kucheza, umefika mapema mno.

Ya pili ndiyo watu wengi huiita "shoo". Vibao vinavyojulikana na kila mtu, kimoja kikishika mkia wa kingine, na hakuna muda wa kupumua katikati.

Mimi napenda ya mwisho. Nusu ya wateja wameshaondoka, meneja yuko kaunta anahesabu, na wanamuziki wanaanza kupiga wanavyovipenda wao. Hapo ndipo utasikia mpiga gitaa la solo, aliyekuwa mpole usiku kucha, akiachiwa dakika tatu nzima. Hapo pia ndipo utasikia makosa mengi, kwa sababu wamechoka. Vyote viwili ni vitamu.

Kuhusu siku ya wiki: usiku wa mwisho wa wiki bendi haijaribu kitu kipya, inapiga kilichothibitishwa. Katikati ya wiki ukumbi una nafasi na bendi inathubutu. Njia ya haraka ya kujua ni kumuuliza mhudumu wa kaunta, "Bendi hii watu huinuka kucheza siku gani?" Hatakupa jibu la tangazo, kwa sababu yeye ndiye anayekesha nao. Na kabla ya kutoka nyumbani, tafuta video iliyopigwa na mteja kwa simu. Video ya tangazo imesafishwa studio. Ile ya simu inayotikisika ndiyo itakayokuonyesha kama watu walikuwa wanaitazama bendi au wanatazamana.

Hatua ya 3: Kaa mahali sauti inapofika

Wengi hukimbilia meza ya mbele. Ni mahali pazuri pa kutazama na pabaya pa kusikiliza. Ukiwa chini ya jukwaa unapata ngoma na magitaa moja kwa moja kutoka kwenye vyombo, lakini sauti ya mwimbaji inatoka kwenye spika kubwa zilizoelekezwa mbali, zinakupita kichwani. Utamwona anafungua kinywa na hutaelewa neno.

Kona nazo ziepuke. Besi hurundikana kwenye kuta na zaidi kwenye pembe, kwa hiyo aliyekaa pembeni kabisa anasikia mngurumo unaomeza kila kitu. Nilikuambia nilikuwa pembeni usiku ule. Nilifaidi macho, masikio hapana.

Tafuta meza ya mitambo, ile yenye vitufe na taa ndogo ambako fundi amesimama. Kaa karibu nayo, mbele yake kidogo kama unaweza. Fundi anapanga sauti kwa masikio yake mwenyewe, kwa hiyo anachosikia yeye ndicho kilichokusudiwa. Kama hakuna fundi, na baa ndogo mara nyingi hazina, kaa katikati ya ukumbi, mbali na jukwaa kama hatua kumi, mahali ambapo spika mbili zinakutazama sawasawa.

Usikae mlangoni kwa jiko, wala njia ya kwenda msalani, wala chini ya televisheni inayoonyesha mpira. Bendi bora duniani haishindani na penalti.

Hatua ya 4: Masikio

Fupi tu. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda salama unapungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100, ambazo bendi kwenye ukumbi mdogo huzifikia bila jasho, ni dakika 15 tu. Beba vizibo vya masikio, hasa vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki, vinavyopunguza sauti bila kuiziba. Ukitoka na masikio yanalia "nzii", umekaa karibu mno. Watazame wapiga ngoma: wengi wao wamevaa kitu masikioni, na si kwa urembo.

Hatua ya 5: Sikiliza kazi iliyo ndani ya wimbo

Wimbo unaujua tayari. Umeusikia redioni, kwenye gari, harusini. Sasa unaweza kuuacha wimbo ujiendee na ukatazama jinsi unavyotengenezwa, na hapa ndipo kopi inapokuwa na utamu ambao wimbo mpya hauna: unajua kinachokuja, kwa hiyo unaona watakifikiaje.

Anza na mguu wa kulia wa mpiga ngoma. Ile ngoma kubwa inayopigwa kwa kanyagio inatakiwa kutua pamoja na besi, pigo kwa pigo. Zikitua pamoja utahisi kifuani kitu kimoja, si viwili, na mwili utaanza kutikisika kabla hujaamua. Zikipishana hata kidogo, ukumbi unakaa. Nimeona bendi zenye waimbaji wa ajabu zikishindwa kuinua mtu mmoja kwa sababu ya mguu huo na vidole vya mpiga besi kutoelewana.

Kisha mtazame mpiga kinanda. Wimbo uliorekodiwa na tarumbeta nne na fidla kumi na mbili sasa uko mikononi mwa mtu mmoja. Mkono wa kushoto umekuwa fidla, wa kulia tarumbeta, na katikati ya ubeti ananyanyua kidole kimoja kubadilisha mlio. Baadhi ya bendi zinasaidiwa na sauti zilizorekodiwa kabla; utajua pale mpiga ngoma anapovaa spika za masikioni na kufuata mdundo ambao wewe huusikii, na pale unaposikia kwaya ya wanawake huku jukwaani kuna wanaume watano. Si dhambi. Lakini bendi iliyofungwa na rekodi haiwezi kurefusha wimbo watu wanapopandwa na mzuka, na hilo ni hasara kubwa kuliko kukosa fidla.

Sikiliza pia kii, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo mzima umejengwa juu yake. Wimbo ulioimbwa na kijana wa miaka ishirini na mbili studio, mara moja, baada ya kulala vizuri, unaimbwa hapa na mtu ambaye huu ni wimbo wake wa thelathini usiku huu. Kwa hiyo bendi hushusha kii, nusu hatua au zaidi, ili mwimbaji azifikie zile sauti za juu akiwa mzima. Ukihisi wimbo umekuwa mzito kidogo au wa kiza kuliko unavyoukumbuka, huenda ni hilo. Wengine hufanya ujanja mwingine: kwenye ile noti ya kuua, mwimbaji anaelekeza kipaza sauti kwa watu. Nanyi mkaimba kwa nguvu mkidhani mmeheshimiwa! Mmeheshimiwa, ndiyo, na koo lake limepona.

Halafu ngoja miisho. Nyimbo nyingi za rekodi zinafifia, kwa hiyo kila bendi imebuni mlango wake wa kutokea. Tafuta ishara: ngumi iliyoinuliwa, shingo ya gitaa inayopanda, mwimbaji anayegeuka kuwatazama wenzake. Ukishaanza kuziona ishara hizi huwezi kuacha kuzitazama.

Na ukikuta wamebadilisha wimbo, usikasirike mapema. Wimbo "Respect" ni wa Otis Redding, aliyeurekodi mwaka 1965. Aretha Franklin aliukopi mwaka 1967, akaongeza ile sehemu ya kulitaja neno herufi moja moja, na leo ni watu wangapi wanaoikumbuka ile ya kwanza? Kopi ikipikwa vizuri humla mama yake.

Kuhusu makofi, neno moja. Katika nyimbo nyingi za pop, roki na soul zenye hesabu ya nne, kofi linakaa kwenye pigo la pili na la nne, pale ngoma ndogo inapolia "pa". Meza ikipiga kwenye la kwanza na la tatu, mpiga ngoma anateseka kimyakimya.

Hatua ya 6: Omba wimbo kwa adabu

Hili ndilo linaloharibu uhusiano kati ya bendi na wateja kuliko pombe.

Bendi inapanda jukwaani na orodha. Mara nyingi ni karatasi iliyobandikwa sakafuni kwa gundi ya utepe, karibu na miguu ya mwimbaji, na imepangwa kwa sababu: wimbo wa kasi unafuatiwa na wa kasi nyingine, kisha wa kupumzisha koo, kisha wa kuinua tena. Unapopiga kelele ukitaka wimbo wa mapenzi wa taratibu wakati watu arobaini wanacheza, unaomba nyumba nzima izimwe ili meza yako iwashwe.

Usimwombe mwimbaji akiwa anaimba. Nimeona mtu akimvuta mwimbaji suruali katikati ya ubeti. Usipande jukwaani. Usiguse kipaza sauti. Kwanza kina mate ya watu wengine, pili hujui kimeunganishwa na nini. Nenda wakati wa mapumziko, au andika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mpe mhudumu. Andika nyimbo mbili au tatu, usiandike moja, maana bendi haiwezi kujua kila kitu. Taja jina la wimbo na aliyeuimba. "Ule wa nanana-nana" hausaidii.

Mazungumzo mazuri niliyowahi kuyasikia yalikuwa mafupi hivi. Mzee mmoja alimfuata mwimbaji kaunta akiwa anakunywa maji.

"Samahani dada, mnapumzika. Mke wangu leo ana siku yake ya kuzaliwa. Mna chochote cha zamani, cha miaka ya sabini?"

"Anapenda za kucheza au za kukaa, mzee?"

"Za kucheza. Ila magoti yetu ni ya kukaa."

Akacheka. Awamu iliyofuata wakapiga wimbo wa sabini, kwa mwendo wa taratibu kuliko kawaida, na mzee na mkewe wakacheza mpaka mwisho. Hakutaja wimbo hata mmoja. Alisema anachotaka kuhisi, akawaachia mafundi wachague dawa.

Mimi nami nina aibu yangu. Niliwahi kupeleka karatasi ile ile mara tatu, nikidhani imepotea. Baada ya ya tatu mwimbaji alisema kwenye kipaza sauti, kwa upole wote, "Ndugu yetu wa meza ya sita, wimbo wako tumeupiga. Ulikuwa wa kwanza. Ulikuwa nje unaongea na simu."

Hatua ya 7: Tunza, na watunze wote

Kama kuna ndoo au kopo mbele ya jukwaa, tumbukiza pesa. Kama hakuna, mpe mkononi mmoja wao kati ya nyimbo, au mkabidhi kiongozi wa bendi wakati wa mapumziko. Kiasi ni juu yako. Ukiomba wimbo kisha ukapigiwa, ni vema mkono usiende mtupu.

Tatizo la kutunza ni kwamba pesa hufuata sura. Mwimbaji anabandikwa noti kwenye paji la uso, na mpiga besi, aliyekushikia usiku mzima, haonekani. Uliza tu: "Mnagawana?" Bendi nyingi zinagawana, na swali lenyewe litawafurahisha walio nyuma.

Mtunzi wa wimbo je, naye anapata nini? Katika nchi nyingi anayelipia ruhusa ni ukumbi, si bendi, kupitia chama cha haki za wasanii. Jambo hili lenyewe lilizaliwa mezani. Mwaka 1847 mjini Paris, mtunzi Ernest Bourget na wenzake walikaa mkahawa wa Ambassadeurs, wakasikia muziki wao unapigwa, na bili ilipokuja wakakataa kulipa: kama ninyi hamlipii nyimbo zetu, nasi hatulipii vinywaji vyenu. Kesi ikaenda mahakamani, watunzi wakashinda, na mwaka 1851 ikaundwa SACEM, chama cha haki za watunzi wa Ufaransa ambacho kipo hadi leo. Usijaribu hoja hiyo kwa mhudumu wa kaunta.

Hatua ya 8: Kasino ni ukumbi wenye ndoano

Hapa ongeza umakini. Baa inauza vinywaji, kwa hiyo inataka ukae na unywe. Kasino inauza bahati, na bendi imewekwa pale ili ukae karibu na meza za kamari. Hili si siri wala si jipya. Waimbaji Louis Prima na Keely Smith walipoanza kupiga kwenye sebule ya hoteli ya Sahara, Las Vegas, mwaka 1954, walikuwa wakianza usiku wa manane na kumaliza karibu na alfajiri, hatua chache kutoka kwenye michezo. Watu walikuja kwa ajili yao. Wakiwa pale, wakacheza kamari.

Ndiyo maana mara nyingi shoo ya sebuleni kasino ni bure, na ndiyo maana bendi za kasino ni hodari. Kasino ina pesa za kulipa watu wanaojua kazi, ina vyombo vizuri, ina fundi wa kudumu. Sauti pia huwa chini kuliko baa, kwa sababu anayegawa karata lazima asikie. Kwa mpenda muziki ni zawadi, ilimradi ujue mtego uko wapi.

Mtego uko kwenye mapumziko. Niliingia mara moja kasino fulani kwa ajili ya bendi tu, nikaapa sichezi. Awamu ya kwanza ilikuwa tamu. Wakasema, "Tunarudi baada ya dakika kumi na tano." Dakika kumi na tano ufanye nini? Mashine ya kamari ilikuwa hapo, kiti chake kikiwa wazi, kinalainika kwa mwili. Nikaweka kidogo. Nikashinda kidogo. Nilipoinua kichwa, bendi ilikuwa wimbo wa tatu wa awamu ya pili, nami nilikuwa nimeupa mgongo muziki niliofunga safari kuusikiliza. Hakukuwa na saa ukutani wala dirisha. Nilichopoteza usiku ule kingenitosha kutoka mara tatu.

Kwa hiyo fanya hivi. Tenga pesa taslimu ya usiku huo kabla ya kutoka, na kadi ya benki iache nyumbani au umpe unayemwamini. Kaa ukiitazama jukwaa, mashine ziwe mgongoni. Mapumziko yakianza, toka nje upate hewa, au nenda kaunta uzungumze na wanamuziki; nao wanapumzika. Vaa saa ya mkononi.

Ukiamua kucheza, cheza ukijua hesabu. Ruleti, lile gurudumu la namba linalozungushwa na kigololi ndani yake, ikiwa na sifuri moja ina vitundu 37, lakini namba yako ikitoka unalipwa 35 kwa 1. Pengo hilo linaipa kasino asilimia 2.7 ya kila kinachowekwa, kwa wastani. Yenye sifuri mbili ina vitundu 38 na malipo ni yale yale, kwa hiyo pengo linapanda hadi asilimia 5.26. Hakuna ujanja wa kuliziba, na kadiri unavyokaa ndivyo linavyofanya kazi. Chukulia unalipia burudani, kama kiingilio. Na kama unajijua kwamba ukianza huachi, tafuta bendi hiyo hiyo siku inapopiga baa. Kasino nyingi pia zina utaratibu wa mtu kujiandikisha ili azuiwe kuingia, na kuutumia si aibu.

Mengineyo: beba kitambulisho, uliza kuhusu mavazi, na usipige picha kuelekea meza za mchezo, walinzi watakufikia kabla ya kiitikio.

Hatua ya 9: Simu, pombe na kucheza

Piga video fupi, sekunde thelathini, kisha irudishe mfukoni. Ukiitupia mtandaoni taja jina la bendi. Kwao hilo ni sawa na kutunzwa. Anayerekodi saa nzima anawaziba walio nyuma yake, na video yenyewe hataitazama tena.

Kunywa maji kati ya vinywaji, panga mapema nani atakurudisha nyumbani. Na kama bendi inapiga vizuri na uwanja wa kucheza uko mtupu, inuka wewe. Kila mtu anamsubiri wa kwanza. Bendi itakukumbuka usiku wote.

Hatua ya 10: Kaa wakati wanakunja waya

Baada ya wimbo wa mwisho taa zinawashwa na uzuri wote unakimbia. Watu wanaondoka. Kama una dakika kumi, baki. Wanamuziki wanashuka wakiwa na jasho na njaa, wanafungua ngoma, wanakunja waya. Usiwazuie na hadithi ndefu. Shika upande mmoja wa spika ukiombwa, na useme kitu kimoja mahususi. "Mmepiga vizuri" wanaambiwa kila siku. "Wimbo ule wa nne, kinanda pale katikati" hawaambiwi.

Mpiga ngoma ndiye huondoka wa mwisho, maana ana vyombo vingi kuliko wote. Usiku ule wa kwanza nilimfuata yule wa nyusi, akiwa amepiga magoti anafungua skrubu za matoazi.

"Kaka, ule mwisho wa wimbo, mliukata vile kwa mazoezi?"

Akacheka mpaka akaweka chini alichoshika.

"Hapana bwana. Nilibanwa na chafya. Nikainua nyusi kuizuia, wenzangu wakadhani nimetoa ishara. Sasa mpiga besi anasema tuumalize hivyo hivyo kila siku."